Ukurasa Mtupu wa Bwana Thorpe

Alhamisi ni siku ya mchuzi wa maharage na mkate wa mdalasini. Watoto wote wa shule ya Prosek wanajua hivyo, na hata wanaoumwa tumbo Jumatano hupona asubuhi yake. Mpishi ni Arlys Kolar. Ana mikono mikubwa, sauti kubwa na subira ndogo. Mchuzi ukibaki, anaubeba nyumbani. Mumewe Milo na mwanawe Lanny hawajawahi kulalamika, maana atakayelalamika atapika mwenyewe.

Alhamisi hiyo Lanny hakula. Alikaa mezani na koti lake, vumbi la mahindi kichwani, akawa anavunja mkate vipande vipande.

"Mkate umekukosea nini?" Arlys aliuliza.

"Curtis amezama, mama."

Milo aliweka kijiko chini. "Amezama wapi? Mto wote umeganda."

"Kwenye mahindi, baba. Kihenge namba nne."

Vihenge vya Prosek ni maghala marefu ya chuma, mviringo kama mapipa. Ukija kwa barabara unaviona vihenge kwanza, mji baadaye. Vuli iliyopita mvua ilinyesha sana, na mahindi yaliingizwa yakiwa na unyevu. Basi yakashikana. Yakafanya ukoko juu na kandokando, kama wali uliosahauliwa jikoni.

Chini ya kihenge kuna parafujo kubwa inayozunguka na kuvuta mahindi nje. Mahindi yakigoma kushuka, vijana hupanda juu, huingia kwa kidirisha, na kuukanyaga ukoko mpaka uvunjike. Chini yao parafujo inaendelea kuzunguka. Prosek wanaita kazi hiyo kukanyaga mahindi. Baba zao walikanyaga, babu zao walikanyaga. Asiyetaka kukanyaga anaulizwa kama sketi yake ameiacha nyumbani.

Curtis Beran alisoma na Lanny toka darasa la kwanza. Alikanyaga ukoko, na chini ya ukoko palikuwa patupu. Alitumbukia, mahindi yakamvuta mpaka kifuani.

"Tulimshika mikono, mimi na mwenzangu," Lanny alisema. "Hatoki. Tukivuta yeye analia, na mahindi yanamvuta chini. Halafu mkanda wa mota ukakatika, parafujo ikasimama. Wazima moto wakaja wakatoboa ukuta. Mbavu zimevunjika, lakini yu hai."

"Mkanda ulikatika wenyewe?" Arlys aliuliza.

"Wenyewe. Ulikuwa umechakaa. Tulimwambia meneja mwezi mzima anunue mpya."

"Kwa hiyo Curtis ameokolewa na uchoyo."

Lanny hakucheka. "Jumatatu treni inakuja kupakia. Mkanda mpya unafungwa kesho, tundu linazibwa, na namba nne lazima kimwagwe chote. Na Jumatatu zamu ya kukanyaga ni yangu."

Arlys alisimama, akakaa, akasimama tena. Milo alijikuna kidevu.

"Mimi nilikanyaga miaka thelathini," alisema taratibu. "Mtu unakwenda upesi, husimami mahali pamoja."

"Ulikanyaga, na akili yako ikaangukia humo," mkewe alisema. "Mpaka leo hatujaipata."

Kesho yake shule ilifungwa kwa theluji. Arlys alivaa buti na kwenda kwa Vavra. Ndivyo watu wanavyoviita vihenge vile, kwa sababu mzee Vavra ndiye aliyejenga cha kwanza. Vavra amekufa zamani. Baadaye vilikuwa vya ushirika wa wakulima wa Prosek, na sasa ushirika huo umeungana na wengine na kuitwa Kilima Cheupe. Prosek hawana kilima hata kimoja. Kwa hiyo watu wameendelea kusema kwa Vavra.

Meneja alikuwa Gaylen Thorpe, mtu wa tabasamu pana na fulana safi. Alimpokea Arlys kwa kahawa.

"Karibu, Mama Kolar. Najua kilichokuleta. Sote tumeumia kwa ajili ya Curtis."

"Wewe umeumia mbavu ngapi?"

Gaylen alicheka kidogo. "Curtis ni kijana mzuri, ila alizubaa. Nimewaambia mara ngapi, tembeeni, msisimame. Kazi hii tunaifanya miaka yote na haijawahi kutokea ajali."

"Haijawahi?"

"Usiniamini mimi. Iamini serikali." Alimpeleka kwenye ubao wa matangazo. Kati ya kalenda na picha ya mbwa aliyepotea palibandikwa karatasi mpya. "Idara ya usalama kazini ina hifadhidata ya ajali, kumbukumbu zote ziko kwenye kompyuta. Ajali kubwa za makazini, nchi nzima. Nimetafuta, nimechapa. Soma mwenyewe."

Arlys alisoma. Ukurasa ulikuwa mweupe, na katikati maneno machache: Hakuna kumbukumbu iliyopatikana.

"Mtupu," Gaylen alisema. "Ningependa akina mama wa mji huu wapunguze hofu kidogo. Vijana wakiingia na hofu ndipo wanapoteleza."

Arlys alihisi masikio yakipata moto. Alitaka kumwagia ile kahawa, lakini fulana ingefuliwa na mke wa Gaylen, na mke hana kosa. Alipiga picha karatasi ile kwa simu na kutoka bila kuaga.

Ndani ya gari akafungua hifadhidata yenyewe kwenye simu. Ni ya wazi kwa mtu yeyote. Akaandika kwa vidole vinene: Ni watu wangapi wamezama kwenye mahindi kwa Vavra Prosek? Jibu likaja: Hakuna kumbukumbu iliyopatikana. Akafuta, akaandika: kwa Vavra. Hakuna. Akaandika: kuzama kwenye mahindi. Hakuna.

Milo alipoambiwa, alitikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyeshinda. "Basi Gaylen hakusema uongo. Serikali yenyewe inasema hakuna."

"Curtis alizama jana, Milo. Na yeye hayumo. Naye hakuzama?"

Milo alijikuna kidevu tena.

Arlys mwenyewe alilisikia neno lake: kama Curtis hayumo, huenda na wengine hawamo. Akachukua tena funguo za gari.

Maktaba ya Prosek iko jengo moja na wazima moto. Mkutubi ni Noreen Sedlak. Yeye na Arlys hucheza timu moja ya kurusha tufe la kuangusha vigingi, na wamegombana kila msimu toka ujana. Noreen alikuwa anabandika vitabu karatasi za plastiki.

"Umekuja kuazima au kupigana?" aliuliza.

"Nitaanza na moja, tuone." Arlys alimwonyesha ile picha, kisha akamsimulia yote, akizunguka meza kama kuku aliyefungwa kamba.

Noreen alivaa miwani. "Kaa, shoga. Unanitia kizunguzungu." Akaisogeza picha karibu na macho. "Huyu bwana ametafuta vibaya sana. Au ametafuta vizuri sana, kwa mtu asiyetaka kupata."

"Maana yake?"

"Ukurasa mtupu haukwambii kuwa jambo halikutokea. Unakwambia tu kuwa swali lako halikupata jibu. Basi kabla ya kuuamini, uliza, swali lilikuwa nini? Tazama hapa juu, pameandikwa kidogokidogo. Jina la kampuni: Kilima Cheupe. Jimbo: letu. Miaka: minne iliyopita. Kilima Cheupe kimeanza lini kuitwa hivyo?"

"Walipoungana. Miaka minne."

"Ndiyo hivyo. Ni kama mtu aliyebadili jina jana, ukauliza leo kama aliwahi kufungwa."

Arlys aligonga meza. Kitabu kimoja kikaanguka.

"Na wewe ulitafuta vipi?" Noreen aliuliza.

Arlys alimwonyesha. Noreen akajaribu kuzuia kicheko, akashindwa.

"Umeiandikia barua. Kasoro salamu tu."

"Noreen."

"Haya, haya. Sikiliza. Hii mashine haielewi swali kama mtu. Inalinganisha maneno. Ukiipa maneno kumi, inataka yote kumi yawe kwenye kumbukumbu moja. Ipe neno moja au mawili. Na tena, kwa Vavra tunasema sisi. Mkaguzi aliyetoka mjini hamjui Vavra. Anaandika jina lililosajiliwa."

"Na kuzama?"

"Kuzama ni letu pia. Wao wanalo neno lao. Hatulijui bado, tutalijua. Twende kwenye kompyuta, simu yako ni ndogo na hasira zako ni kubwa."

Waliketi pamoja. Noreen hakuandika jina lolote la kampuni. Aliacha kisanduku hicho kitupu.

"Kwa nini?" Arlys aliuliza.

"Jina ndilo linalodanganya zaidi. Kampuni hubadili jina, huuzwa, huandikwa kwa kifupi. Anza na aina ya kazi. Kila kazi ina nambari yake ya serikali: wachinjaji yao, waoka mikate yao. Maghala ya nafaka ni hii hapa. Nachagua nambari, nachagua jimbo letu. Sasa miaka. Unaona? Kisanduku kimejijaza chenyewe miaka ya karibuni tu. Wengi hawatazami. Nafungua mpaka mwanzo kabisa."

Akabonyeza. Kioo kikajaa. Arlys aliona mistari inashuka, inashuka, na chini kuna alama ya ukurasa wa pili, wa tatu.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti ndogo, ambayo Noreen alikuwa hajawahi kuisikia.

"Usiogope wingi. Humu kuna walioanguka ngazi, waliobanwa na lori, kila kitu. Hatua ya kwanza ni kutega wavu mpana. Ukishapata, ndipo unapunguza, kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukipunguza vitatu kwa pamoja na vyote vikapotea, hutajua kipi kimevipoteza. Sasa fungua mmoja unaofanana na wa Curtis."

Arlys alichagua. Ulikuwa na muhtasari mfupi. Alisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari.

"'Mfanyakazi Nambari Moja aliingia ndani ya kihenge kuvunja mahindi yaliyoshikana. Parafujo ilikuwa ikizunguka. Alifukiwa na nafaka. Alikufa kwa kukosa hewa.'" Alisita. "Nambari Moja? Mama yake alimwita Nambari Moja?"

"Hawaandiki majina."

"Hata jina?"

"Ni kwa ajili ya heshima ya familia."

"Heshima ingekuwa kuzima mashine," Arlys alisema.

Noreen alionyesha chini ya muhtasari. "Tazama hapa. Hizi ni alama walizoipa kumbukumbu hii. Kufukiwa. Kukosa hewa. Nafaka. Parafujo. Hilo ndilo neno lao, si kuzama. Ukipata kumbukumbu moja nzuri, iibie maneno yake. Kisha yatumie kutafutia nyingine."

Waliandika kufukiwa, na nambari ya maghala. Mistari ikapungua, lakini ilibaki mingi. Wakafungua mmoja baada ya mwingine. Nambari Moja aliingia kuvunja ukoko. Nambari Moja hakufungwa kamba. Nambari Moja alikuwa na miaka kumi na tisa. Parafujo ilikuwa ikizunguka. Parafujo ilikuwa ikizunguka. Arlys aliacha kusoma kwa sauti. Shingo yake ilikuwa nyekundu.

"Wote walikuwa wanakanyaga," alisema. "Noreen, wote. Hii si bahati mbaya. Huu ni mtindo."

"Tena umekatazwa. Sheria inasema mtu asikanyage nafaka huku mashine inazunguka. Si ya jana wala juzi. Ndiyo maana kwenye nyingi hapa kampuni zilipigwa faini." Noreen alivuta kibodi. "Sasa turudi kwenye jina. Kabla ya kuungana, waliokuja kujiunga na sisi waliitwa nani?"

"Sisi tulikuwa Prosek. Kulikuwa na ushirika wa Orvell. Na wengine wadogo wa kule magharibi."

Waliandika Prosek. Hakuna. Arlys alishusha pumzi bila kujua kama ni ya nafuu au ya hasira. Waliandika Orvell.

Mstari mmoja.

Ajali hiyo ilikuwa ya miaka saba nyuma, kwenye kihenge cha mahindi. Nambari Moja, mwanamume, miaka ishirini na tatu, alitumwa kukanyaga mahindi. Parafujo ilikuwa ikizunguka. Nambari Mbili alikuwa kwenye kidirisha na hakuweza kumfikia. Nambari Moja alikufa.

Arlys alisoma mara mbili. Kisha akasema polepole sana, "Gaylen alitoka Orvell. Aliletwa hapa tulipoungana. Alisema yeye ni mzoefu."

Upande wa pili wa ukuta, mzima moto mmoja alikuwa anapiga mluzi.

"Nitamla nyama," Arlys alisema.

"Ngoja. Kumbukumbu hii haisemi nani alikuwa msimamizi. Usiseme kisichoandikwa, maana ukikosea moja, atalikamata hilo na yote mengine yatatupwa. Sema kilichoandikwa. Kisichoandikwa, muulize yeye mbele ya watu."

Arlys alisogeza uso karibu na kioo. "Na Prosek? Kweli hakuna?"

"Hakuna kwenye hifadhidata. Humu huingia ajali zilizochunguzwa tu, na uchunguzi ukiwa umefungwa. Ndiyo maana Curtis hayumo bado. Mashamba madogo ya watu binafsi mengi hayamo kabisa. Na aliyeponea chupuchupu akapanguswa vumbi akarudi kazini, nani atamwandika?" Noreen alichapa zile kurasa, na juu ya kila moja akazungushia wino nambari ya kumbukumbu. "Hii nambari ni muhimu kuliko yote. Mtu akibisha, mpe nambari, atafute mwenyewe. Ukitaka jalada zima la uchunguzi, unaliomba kwa nambari hii. Na hii hapa ni simu ya idara. Mtu yeyote anaweza kulalamika. Piga kabla hujaondoka."

Arlys alipiga. Mtu wa upande wa pili aliandika kila kitu na kusema wakaguzi watakuja. Siku gani, hakuweza kusema. Na Jumatatu ilikuwa inakuja bila kumsubiri mkaguzi.

Nyumbani alizitupa kurasa mezani mbele ya Milo na kwenda kuosha vyombo kwa kelele. Alipofunga bomba, aligeuka. Milo alikuwa anasoma, midomo ikicheza. Alisoma zote. Mwishoni alizipanga vizuri, kingo kwa kingo, kama mtu anayepanga karata ambazo hataki kuzicheza.

"Kuna mmoja alitembea upesi," alisema. "Imeandikwa. Alitembea, hakusimama."

"Nimeona."

"Nilidhani ni kutembea upesi ndiko kulikonisaidia."

Arlys alikuwa na maneno mengi tayari ulimini. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao aliyaacha hapo.

Jumamosi ulikuwa mkutano wa mwaka wa ushirika, kwenye ukumbi wa kanisa. Wakulima walikula nyama ya nguruwe, kabichi chachu na matonge ya unga ya mvuke. Arlys alikuwa miongoni mwa wanaopakua. Mkutanoni anaongea mwanachama tu, na kitabu cha wanachama kina jina la Milo, si la mkewe. Yeye kazi yake ni kabichi.

Gaylen alisema mwaka ulikuwa mzuri. Alitoa mzaha kuhusu mvua, watu wakacheka. Alisema Jumatatu treni itapakiwa bila wasiwasi. Kuhusu Curtis alisema, "Tumejifunza. Umakini, vijana. Umakini." Curtis mwenyewe alikuwa amekaa nyuma, kifua kimefungwa bandeji, anakula kwa mkono mmoja.

Mwenyekiti akauliza kama kuna jingine. Watu wakaanza kuvuta makoti.

Milo alisimama. Si mtu wa kusimama. Watu walidhani anaelekea chooni.

"Nafasi yangu ya kusema nampa mke wangu," alisema.

"Milo, utaratibu wetu..." mwenyekiti alianza.

"Utaratibu wetu ndio huo tunaotaka kuuongelea," Milo alisema, na akakaa.

Arlys alikuja mbele na aproni yake, upawa bado mkononi. Aliuona, akamkabidhi mwenyekiti aushike.

"Bwana Thorpe, umebandika karatasi kuwa ajali hazipo. Ulitafuta kwa jina gani?"

"La kampuni yetu, bila shaka."

"Miaka mingapi?"

"Yote," Gaylen alisema.

"Karatasi yako inasema minne. Iko ubaoni ofisini kwako, mtu akitaka akaione." Arlys alifungua kurasa zake. "Mimi nimetafuta kwa aina ya kazi, jimbo letu, miaka yote. Nawasomea." Na akasoma. Hakusoma kwa hasira; alisoma kama anayesoma orodha ya vyakula vya wiki, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nambari Moja alikanyaga. Parafujo ilikuwa ikizunguka. Nambari Moja alikanyaga. Watu waliacha kuvaa makoti. Mzee mmoja alivua kofia.

"Wa mwisho huyu ni wa ushirika wa Orvell. Miaka saba iliyopita. Miaka ishirini na tatu. Kumbukumbu haimtaji msimamizi. Nakuuliza wewe, Bwana Thorpe. Msimamizi Orvell mwaka huo alikuwa nani?"

Tabasamu la Gaylen lilibaki usoni, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameshaondoka nyuma yake.

"Ile ilikuwa kampuni nyingine kisheria," alisema.

"Sikuuliza kampuni. Nimeuliza nani."

"Mimi. Nilikuwa mimi. Lakini yule kijana hakuwa makini. Alizubaa."

Kule nyuma, Curtis alisimama kwa kujishikilia kiti. "Kama mimi," alisema. "Alizubaa kama mimi, sivyo, bosi?"

Gaylen alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa anautazama upawa.

"Wewe ulijua," Arlys alisema, na sasa sauti yake ilipanda mpaka madirisha yakasikia. "Ulimwona akitolewa. Ukaja hapa, ukawapandisha watoto wetu juu ya kitu kilekile, na mashine ileile inazunguka, halafu ukaniambia mimi nipunguze hofu. Kuzima swichi ni kazi ya kidole kimoja, Gaylen. Kimoja. Ulikuwa unakitumia kwa kazi gani?"

Gaylen alivuta kiti akakaa.

Wakulima walibishana mpaka kahawa ikapoa. Wako waliosema treni haitasubiri. Wako waliosema baba zao walikanyaga. Milo aliwajibu bila kusimama, "Nami nilikanyaga. Nilikuwa mjinga mwenye bahati." Mwishowe wakapiga kura kwa mikono. Hakuna mtu kuingia kihengeni huku mashine inazunguka. Kwanza ukoko uvunjwe kwa nje, kwa fito ndefu kupitia kidirishani. Ikibidi mtu aingie, swichi ifungwe kwa kufuli na ufunguo uwe mfukoni mwa anayeingia, hewa ya ndani ipimwe, avae mikanda ya mwili yenye kamba, na mtu asimame kidirishani akimwona muda wote. Gaylen naye akasimamishwa kazi mpaka bodi ikae.

Jumatatu Arlys aliomba ruhusa jikoni akaenda kusimama chini ya kihenge namba nne, mikono kiunoni, mafuta ya baridi usoni. Lanny alikuwa juu kabisa, nje ya kidirisha, amefungwa kamba, anachokonoa ndani kwa ufito. Mahindi yalishuka kidogo, yakasimama, yakashuka tena. Kazi ya nusu siku ilichukua siku nzima. Mabehewa kadhaa yaliondoka matupu na wakulima wakanung'unika. Lanny aliteremka mabega yanamuuma.

"Inachosha, mama. Mno."

"Vizuri," Arlys alisema. "Nenda ukaoge, unanuka."

Wakaguzi walikuja wiki ile. Waliandika mengi. Gaylen hakurudi kwenye kiti chake, na meneja mpya alinunua mikanda na makufuli kabla hajanunua meza. Vijana waliomcheka Lanny kwa ufito wake wakaanza kugombea fito.

Lakini hasira ya Arlys haikupoa. Alasiri nyingi alikwenda maktaba, akakaa kwenye kompyuta ileile, akatafuta vihenge vya miji ya jirani, na palipokuwa na kumbukumbu aliipigia bodi ya pale simu na kuwasomea nambari. Wengine walimkatia. Aliwapigia tena.

Siku moja ya masika Noreen alimwita aje kwenye simu ya maktaba. Aliyepiga alikuwa mwanamke wa mbali, kule wanakochana mbao, aliyesikia habari za Arlys. Mumewe alikuwa amepoteza vidole kwenye msumeno, na sasa mwanawe anataka kuajiriwa palepale.

"Bosi wao ameniambia nitafute mwenyewe, kiwanda chao hakina ajali," mwanamke alisema. "Nimetafuta, mama. Ukurasa mtupu. Labda kweli mume wangu alizubaa."

Arlys alivuta kiti kwa mguu. Masikio yalikuwa yameanza tena kupata moto.

"Hakuzubaa," alisema. "Chukua kalamu. Nieleze kwanza, ulitafuta kwa jina gani?"